Sarakasi za ndege karibu na ardhi: kwa nini rubani mchanga asijaribu

Wapwani tuna msemo usiotutoka vinywani: ajali haina kinga. Mgema akianguka mnazini, twasema ajali haina kinga. Bodaboda ikigongana na matatu, twasema vivyo hivyo, kisha twaenda mazikoni. Msemo huo una mahali pake, lakini kuna ajali moja ambayo haufai kutajwa hata kidogo. Ni ile ya rubani kijana aliyepata leseni juzi, anayeishusha ndege hadi karibu na minazi ya ufuoni, kisha akaanza kuipindua na kuizungusha ili watu wamwone. Ajali hiyo ina kinga, na kinga yenyewe ni kimo, yaani nafasi iliyopo kati ya ndege na ardhi.

Naandika haya kwa sababu urubani si jambo geni tena katika nyumba zetu. Zamani mtoto wa Mombasa, Malindi au Lamu aliyefaulu shule alifikiriwa udaktari, ualimu au kazi ya bandarini. Leo wako vijana wetu, wa kike na wa kiume, wanaosomea kurusha ndege, wengi wao katika kiwanja cha Wilson jijini Nairobi. Nimekaa na wazazi waliouza shamba ili kulipa karo hiyo. Mzazi wa namna hiyo anajua bei ya kila saa ambayo mwanawe amekaa angani, lakini mara nyingi hajui ni jambo gani hasa linaweza kummalizia mwanawe katika sekunde tatu. Makala haya ni kwa ajili yake, na kwa kijana mwenyewe.

Sarakasi za angani ni nini

Sarakasi za angani ni mbinu za kuirusha ndege kwa namna isiyohitajika katika safari ya kawaida. Kuna kitanzi, ambapo ndege hupanda, ikapinduka mgongo chini, kisha ikashuka na kumaliza duara. Kuna kubingirika, ambapo bawa moja hupita juu na jingine chini hadi ndege irudi kama ilivyokuwa. Kuna kupinduka mgongo chini na kuvuta usukani ili kumaliza nusu ya chini ya kitanzi. Mbinu nyingine ni mchanganyiko wa hizo.

Sina ugomvi na mchezo huu. Una mashindano ya dunia, una wakufunzi wake maalumu, na una ndege zilizoundwa kwa kazi hiyo. Rubani aliyefundishwa vyema huwa hodari zaidi wa kuiokoa ndege ikimponyoka. Hatari huja pale mambo matatu yanapokutana: mbinu ngumu, rubani asiye na uzoefu, na kimo kidogo.

Ndege yenyewe pia ina mpaka wake. Cessna 172, ambayo wanafunzi wengi duniani hujifunzia, katika matumizi ya kawaida imeidhinishwa kubeba mzigo wa hadi mara 3.8 ya uzito wake. Ndege zilizoidhinishwa kwa sarakasi huanzia mara 6. Anayeifanyia sarakasi ndege ya shule anaidai kitu ambacho haikuundwa kukitoa.

Nahodha haogopi kina

Ukimuuliza nahodha yeyote wa jahazi ni wapi anapoogopa, hatakwambia ni bahari kuu. Maji mengi ni rafiki yake. Anachokiogopa ni mwamba, fungu na mlango mwembamba wakati kusi limechacha, kwa kuwa hapo hana nafasi ya kugeuza chombo akikosea. Chombo huvunjikia karibu na nchi kavu.

Ndege ni vivyo hivyo. Abiria mwoga hutazama chini kutoka futi 9,000 akadhani yuko hatarini kwa sababu yuko juu sana. Kumbe hapo ndipo rubani ana utajiri wake. Injini ikizima, ana dakika kadhaa za kutafuta mahali pa kutua. Bawa likikataa kubeba, ana maelfu ya futi za kulirekebisha. Kimo ni akiba, na kila kosa hukatwa humo. Mzoefu hukosea kidogo na hutambua kosa mapema, kwa hivyo hukatwa kidogo. Mchanga hukosea zaidi na huchelewa kutambua, kwa hivyo ndiye anayehitaji akiba kubwa. Ajabu ni kwamba anayeshuka kujionyesha mara nyingi ni mchanga, na anashuka akiwa mfuko mtupu.

Bawa linapoacha kubeba

Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Rubani akivuta usukani kupita kiasi, bawa huikabili hewa kwa pembe kali mno, hewa ikavurugika juu yake, na bawa likaacha kubeba. Wengi hudhani hili hutokea ndege ikienda polepole tu. Sivyo. Laweza kutokea kwa kasi yoyote ikiwa usukani utavutwa kwa nguvu ya kutosha.

Chukua mfano wa kugeuka. Ndege ikilazwa ubavu kwa nyuzi 60 huku ikishikilia kimo chake, mabawa hubeba mara mbili ya uzito wa kawaida, na ile kasi ya chini kabisa ya kuendelea kubebwa hupanda kwa asilimia 41. Ndege ambayo ikienda moja kwa moja huacha kubebwa kwenye kilomita 90 kwa saa, sasa itaacha kwenye kilomita 127. Kijana anayezunguka juu ya nyumba ya shangazi yake, kichwa kikiwa dirishani akitafuta nani anampungia mkono, anaweza kuvuka mpaka huo bila kujua.

Bawa moja likiacha kubeba kabla ya jingine, ndege huanguka huku ikizunguka kama pia. Vitabu vya mafunzo vya Marekani hukadiria kwamba ndege ndogo ikishaingia kwenye mzunguko huo hupoteza takriban futi 500 kwa kila mzunguko mmoja wa sekunde tatu. Aliyeanza kwenye futi 500 hana mzunguko wa pili, na dawa yenyewe, ambayo mojawapo ya hatua zake ni kuelekeza pua chini, humtaka afanye jambo ambalo macho na moyo vinakataa, kwa sababu ardhi imeshajaa kwenye kioo.

Hesabu ya sekunde

Naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo. Ndege ndogo ikishuka kwa pembe ya nyuzi 45 kwa kasi ya kilomita 240 kwa saa, inakula takriban mita 47 za kimo kila sekunde. Kama iko mita 150 juu ya ardhi, zimebaki sekunde tatu na kidogo. Ndani ya muda huo rubani anatakiwa aone kuwa kuna tatizo, alielewe, aamue, avute usukani, na ndege nayo ikubali kugeuka.

Kukubali huko nako kunahitaji nafasi. Ndege inayotoka kwenye mteremko wa wima kwa kasi ya kilomita 250 kwa saa, ikivutwa hadi mzigo wa mara nne ya uzito wake, huhitaji takriban mita 125 hadi 165 ili kunyooka. Kasi ikiwa maradufu, nafasi inayohitajika huwa mara nne. Ndiyo sababu kosa dogo la kasi huku juu hugeuka kosa kubwa la kimo kule chini. Na mzigo huo wa mara nne haubebwi na mabawa peke yake. Damu hukimbia kichwani, na asiyezoea huanza kuona kijivujivu kuanzia takriban mara tatu au nne. Anayehitaji kuona vizuri zaidi ndiye anayepoteza macho. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: ukishaelekeza pua chini ukiwa huna kimo, hakuna kughairi.

Pwani yetu na macho yanayodanganya

Kwetu huku kuna mitego yake. Wa kwanza ni bahari. Maji yakitulia wakati wa matlai, hayana alama ya kulipima jicho. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna ng'ombe. Rubani aliye mita 30 juu ya maji anaweza kuhisi yuko mita 100. Ukungu wa joto ukishaunganisha bahari na mbingu, mstari wa upeo nao hupotea, na anayebingirika hajui tena juu ni wapi.

Mtego wa pili ni upepo. Kusi likivuma nyuma ya ndege iliyo chini, minazi hupita kwa kasi na rubani huhisi anakwenda mbio. Akipunguza injini au akivuta usukani zaidi kwa sababu ya hisia hiyo, anasahau kwamba bawa halijali kasi ya kupita minazi. Bawa linajua kasi ya hewa tu. Akiwa juu, hisia hiyo haipo kwa sababu ardhi iko mbali.

Mtego wa tatu humpata anayetoka Pwani kwenda bara, au kinyume chake. Kiwanja cha Mombasa kiko karibu futi 200 tu juu ya bahari. Wilson kiko zaidi ya futi 5,500. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, injini hupungua nguvu, na kitanzi kilekile hutaka nafasi kubwa zaidi. Tena kipima kimo kikiwekwa kusoma urefu kutoka usawa wa bahari, namba inayomaanisha usalama Mombasa, bara inamaanisha uko chini ya ardhi. Anayekariri namba bila kuuliza ardhi iko wapi amejichimbia kaburi.

Waliokuwa hodari kuliko sisi

Usidhani kosa hilo la namba ni la wanafunzi peke yao. Tarehe 14 Septemba 2003, katika kambi ya jeshi la anga ya Mountain Home, jimbo la Idaho, Marekani, rubani wa kikosi cha maonyesho cha Thunderbirds alipaa, akapinduka mgongo chini na kuvuta usukani amalize nusu ya kitanzi. Alikuwa ametumia hesabu ya kambi yao ya Nellis, ambayo iko chini kwa takriban futi 1,100 kuliko Mountain Home. Alipaswa kuanza mbinu ile akiwa futi 2,500 juu ya ardhi. Alikuwa kwenye takriban 1,670. Alijirusha nje kwa kiti cha dharura ikiwa imebaki chini ya sekunde moja ndege igonge, akapona. Ndege ya shule haina kiti cha namna hiyo.

Kisa cha pili ni cha kijana. Douglas Bader alikuwa na miaka 21 tu, rubani wa jeshi la anga la Uingereza, msifika wa sarakasi, ambaye miezi michache kabla alikuwa ameonyesha ufundi wake mbele ya umati kule Hendon. Kikosi chake kilikuwa kimepokea ndege mpya aina ya Bristol Bulldog, nzito kuliko aliyoizoea. Marubani wawili walikuwa wameshakufa wakijaribu sarakasi, na wenzao wakaonywa wasifanye mbinu hizo chini ya futi 2,000. Tarehe 14 Desemba 1931, katika kiwanja cha Woodley karibu na Reading, inasimuliwa kwamba wenzake walimchokoza. Akaibingirisha ndege karibu na majani. Ncha ya bawa la kushoto ikagusa ardhi. Madaktari walimkata miguu yote miwili. Wahenga wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa walisema kweli neno kwa neno. Bader alirudi angani kwa miguu ya bandia na kuwa shujaa wa vita vya 1940. Hadithi hiyo huwapendeza vijana, lakini wakumbuke kwamba yeye alibaki hai kuisimulia.

Kisa cha tatu ndicho kinachonigusa zaidi. Tarehe 22 Agosti 2015, katika maonyesho ya ndege ya Shoreham kusini mwa Uingereza, ndege ya zamani ya kivita aina ya Hawker Hunter iliingia kwenye kitanzi kwa kasi isiyotosha. Wachunguzi walikuta kwamba pale juu kabisa ilifika takriban futi 2,700 ilhali ilihitaji angalau 3,500. Ikashuka, haikuwahi kunyooka, ikaanguka kwenye barabara kuu ya A27. Watu 11 walikufa, wote wakiwa barabarani au kando yake. Rubani aliumia vibaya lakini akapona, na mwaka 2019 mahakama ilimwona hana hatia ya jinai. Mtu huyo alikuwa na zaidi ya saa 14,000 angani. Katika aina ile ya ndege alikuwa na takriban saa 40 tu.

Tafakari hesabu hiyo. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani wa binafsi huanzia takriban saa 40, na ya biashara saa 200, au 150 kwa aliyepitia mafunzo yaliyoidhinishwa. Kijana wetu anaweza kuwa na leseni halali mfukoni na asiwe na hata saa moja ya sarakasi. Leseni inasema anajua kuirusha ndege salama. Haisemi anajua kuipindua.

Kanuni na ngazi zake

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Kenya ni mwanachama, zinataka ndege isipite chini ya futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu zaidi inapokuwa juu ya mji au mkusanyiko wa watu, na isipite chini ya futi 500 kwingineko, iwe nchi kavu au majini, isipokuwa inapopaa, inapotua, au ikiwa na kibali. Hapa kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Marekani huongeza sharti kwamba sarakasi zisifanywe chini ya futi 1,500, wala juu ya mji au mkutano wa watu.

Hata wanamichezo wenyewe hawashuki ovyo. Katika mashindano ya sarakasi Marekani, madaraja ya wanaoanza hayaruhusiwi kwenda chini ya futi 1,500. Wa daraja la kati huruhusiwa 1,200. Ni wale wa daraja la juu kabisa, waliofanya kazi hiyo miaka mingi, wanaofika takriban mita 100. Wanashuka ngazi moja moja, na kila ngazi kuna mtu mzima wa kuwaambia bado. Yule kijana anayeanza kwenye futi 200 ameruka ngazi zote akakaa pale ambapo hata bingwa haruhusiwi mashindanoni.

Kwa anayependa mchezo huu kwa dhati, njia ipo. Atafute mkufunzi wa sarakasi mwenye kibali, ndege iliyoidhinishwa, mkanda unaofaa na parachuti. Aanzie juu, maelfu ya futi, mahali pasipo na watu chini. Ajiwekee sakafu, yaani kimo ambacho akikifikia anaacha, hata kama mbinu haijakamilika. Asibebe rafiki. Na asibuni mbinu papo hapo kwa sababu ameona watu wamekusanyika.

Na sisi tulio chini

Rubani hashuki chini kwa ajili ya mawingu. Anashuka kwa ajili yetu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na rubani kijana akishangiliwa hupita tena, safari hii chini zaidi. Nimewasikia watu wazima wakimwambia kijana, "Mwanangu, siku moja utupitie juu ya nyumba tukuone." Ni maneno ya upendo, lakini ni mwaliko wa msiba. Kwenye sikukuu za kitaifa tunaona ndege za Jeshi la Wanahewa zikipita juu yetu kwa mpangilio. Yale ni mazoezi ya muda mrefu chini ya amri, na hayafanani na kijana mmoja aliyekodi ndege kwa saa moja.

Kwa hivyo mzazi asiombe kupitiwa. Amwambie mwanawe waziwazi kwamba fahari ya nyumba hii ni kumwona akishuka kwenye ngazi za ndege na mkoba wake. Rafiki asimchokoze, na aliye na simu asimwahidi kwamba video itasambaa. Mmiliki wa ndege anayekodisha aulize safari ni ya nini na njia ni ipi. Na ndege ikionekana ikicheza juu ya ufuo wenye watoto wanaoogelea, yafaa kuandika namba zake na saa, kisha kuarifu kiwanja kilicho karibu au KCAA. Huko si kumchongea mtu. Waliokufa barabarani Shoreham hawakuulizwa kama wanakubali kuwa sehemu ya maonyesho, na watoto wetu ufuoni hawataulizwa pia.

Kijana anayefuata ngazi atachelewa miaka kadhaa kupigiwa makofi. Lakini atakuwa na saa zake, na leseni yake, na miguu yake miwili, na mama yake hatapigiwa simu na mtu asiyemjua.